Likizo ya Majira ya Baridi Edinburgh: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wageni wengi huuendea mji wa Edinburgh, makao makuu ya Uskoti, mwezi wa Agosti, wakati tamasha za sanaa zinapojaza kila ukumbi na bei za vyumba zinapopanda kupita kiasi. Mwongozo huu ni wa msomaji atakayekwenda kati ya Desemba na Februari, iwe anatoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, au anaishi tayari Ulaya na amepata siku chache za mapumziko. Majira hayo yana faida zake, ambazo zitatajwa kila moja mahali pake, lakini yana sharti moja ambalo lisipozingatiwa huharibu safari nzima, nalo ni uchache wa mwanga wa jua. Katika siku zinazoizunguka tarehe 21 Desemba, jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri, kwa hiyo mchana wote ni wa saa saba tu. Mtu aliyekulia karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, hupanga siku yake kana kwamba jua litamsubiri hadi saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuuangalia mwanga kwanza.

Saa zote humu zimetajwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Tiketi itakayoandikwa 09:30 ni ya saa tatu na nusu asubuhi, na ile ya 13:00 ni ya saa saba mchana.

Hatua ya kwanza: Chagua wiki

Majira ya baridi ya Edinburgh yana vipindi vitatu visivyofanana. Kipindi cha kwanza huanza katikati ya Novemba na kuishia Krismasi, wakati soko la Krismasi linapowekwa katika bustani za Princes Street, chini ya mnara wa mwandishi Walter Scott, likiwa na vibanda vya vyakula, vinywaji vya moto na bembea za watoto. Kuingia sokoni ni bure, ila kila kilichomo ndani kina bei ya kitalii, na mwisho wa juma msongamano wake hauvumiliki. Kipindi cha pili ni siku za mwisho wa mwaka, ambazo Waskoti huziita Hogmanay na kuzithamini kuliko hata Krismasi yenyewe. Nimezipa hatua yake mbele. Kipindi cha tatu huanza baada ya wiki ya kwanza ya Januari na kuendelea hadi Februari.

Kwa maoni yangu, asiye na watoto wa kuwaonyesha taa za Krismasi na asiyevutiwa na fataki achague nusu ya pili ya Januari. Vyumba huwa vya bei nafuu kuliko wakati wowote wa mwaka, foleni za ngome na makumbusho hupungua, na kufikia mwisho wa mwezi jua huzama karibu saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, yaani umeongezewa saa nzima ya jioni ukilinganisha na Krismasi. Tena kuna mambo mawili yapatikanayo Januari peke yake: picha za mchoraji Turner, ambazo nitazieleza, na usiku wa tarehe 25, unaoadhimisha kuzaliwa kwa mshairi Robert Burns mwaka 1759.

Unapokadiria gharama za malazi, kumbuka kwamba baraza la mji limepitisha tozo ya wageni ya asilimia 5 ya bei ya chumba kwa wanaolala kuanzia tarehe 24 Julai 2026. Tozo hiyo hukatwa kwa usiku tano za kwanza mfululizo, na usiku zinazofuata hazitozwi.

Hatua ya pili: Shughulikia viza mapema

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, kwa kuwa Uskoti ni sehemu ya Uingereza katika mambo ya uhamiaji. Viza ya Schengen haimfikishi mtu Edinburgh, na hili huwapata wengi wanaounganisha safari ya Paris au Amsterdam na ya Uskoti wakidhani kibali kimoja kinatosha. Ombi hujazwa mtandaoni, kisha mwombaji hufika kwenye kituo cha viza kutoa alama za vidole na picha. Unaruhusiwa kuomba hadi miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu, ingawa karibu na Krismasi ni busara kujipa muda mrefu zaidi. Anayetaka kusafiri katikati ya Desemba afungue ombi lake mwishoni mwa Septemba.

Raia wa Oman na wa nchi nyingine za Ghuba, na wale wenye pasipoti za Marekani, Kanada au Umoja wa Ulaya, hawahitaji viza kwa matembezi mafupi, bali kibali cha kielektroniki kinachoombwa kwa simu kabla ya kupanda ndege. Raia wa Ireland hawahitaji hata hicho.

Hatua ya tatu: Jiandae kwa upepo zaidi ya theluji

Wengi hufungasha wakiwa na picha ya theluji akilini. Theluji huanguka Edinburgh, lakini mji uko karibu na bahari, na mara nyingi haikai chini kwa siku nyingi. Joto la mchana mwezi Januari huwa karibu nyuzi 7 za Selsiasi na la usiku nyuzi 1 au 2. Tarakimu hizo hazitishi mtu anapozisoma, mpaka upepo wa kutoka baharini uchanganyike na mvua nyepesi ya ubavuni. Hapo ndipo baridi huingia mifupani. Kwa sababu hiyo koti lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia iliyoshonewa, lina thamani kuliko sweta tatu nene. Mwamvuli uache nyumbani. Baada ya siku ya upepo mkali utaiona miamvuli iliyopinduka mbavu ikiwa imetupwa kwenye mapipa ya taka mji mzima.

Vaa kwa tabaka: fulana ya ndani ya kubana mwili, sweta ya sufu, kisha koti. Faida yake ni kwamba ndani ya majengo joto huwa kali, na mtu aliyevaa nguo moja nzito hana cha kupunguza. Viatu viwe na soli yenye meno, kwa sababu barabara za mji mkongwe zimetandikwa mawe ambayo huteleza yakilowa na huwa hatari yakiganda. Glavu, soksi za sufu na kofia ya kufunika masikio si anasa. Chukua pia mafuta ya kujipaka ya kutosha, kwa kuwa vipasha joto vya vyumbani hukausha ngozi na midomo upesi.

Huna haja ya kununua koti jipya la bei kubwa. Masoko ya mitumba ya kwetu, kuanzia Karume hadi Gikomba, yana makoti mazuri ya baridi ambayo wanunuzi wengi huyapita kwa kuwa hayana kazi huku. Na ukifika bila koti, mtaa wa Stockbridge na barabara ya Nicolson Street zina maduka ya hisani yanayouza nguo zilizokwisha kuvaliwa, zikiwa katika hali nzuri. Plagi za umeme ni zile zile za pini tatu za mraba tunazozitumia Afrika Mashariki, kwa hiyo huhitaji adapta.

Hatua ya nne: Fika, na usiiamini ramani upesi

Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja. Njia ya kawaida ni kupitia Doha, Dubai, Istanbul au miji mingine ya Ulaya. Kutoka uwanja wa ndege unaweza kupanda tramu, ambayo hukufikisha katikati ya mji kwa muda wa nusu saa hivi na kuendelea hadi Leith na Newhaven, au basi la uwanjani linaloishia katikati ya mji. Tiketi ya tramu inunuliwe kituoni kabla ya kupanda. Katika mabasi ya kawaida ya mjini utalipa kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine iliyo kando ya dereva, na makato ya siku yakifikia kiwango fulani hutozwi zaidi. Anayelipa fedha taslimu harudishiwi chenji.

Anayetokea London apande treni ya kituo cha King's Cross, inayochukua takribani saa nne na nusu hadi kituo cha Waverley. Kaa upande wa kulia, ambako bahari huonekana kwa muda mrefu karibu na mpaka wa Uskoti, na uchague treni ya asubuhi, maana ya alasiri itakupitisha mandhari yote gizani.

Kuhusu mahali pa kulala, kumbuka kwamba kitovu cha Edinburgh ni miji miwili inayotazamana. Mji Mkongwe umejengwa juu ya mgongo wa mwamba, kuanzia ngome hadi kasri la Holyroodhouse. Upande wa pili wa bonde uko Mji Mpya, ambao licha ya jina lake una zaidi ya miaka 250, kwa kuwa ramani yake ilichorwa na James Craig katika miaka ya 1760. Bonde lililo kati yao lilikuwa ziwa chafu lililokuja kukaushwa, na udongo uliochimbwa kwenye misingi ya nyumba mpya ndio uliojaza kilima cha The Mound, kinachoiunganisha miji hiyo hadi leo. Yote miwili iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995. Ukilala Mji Mkongwe utakuwa karibu na kila kitu lakini utapanda ngazi nyingi. Ukilala Mji Mpya utapata barabara pana na utulivu. Ukilala Leith utalipa kidogo na kutegemea tramu.

Kabla ya kutoka na mizigo, elewa jambo moja ambalo ramani ya simu hailionyeshi vizuri. Barabara mbili zinazokatana kwenye ramani zinaweza kuwa zimepishana kwa kimo cha nyumba nzima. George IV Bridge, kwa mfano, ni daraja linalopita juu ya barabara ya Cowgate, na mtu anayeambiwa na simu kwamba amefika hotelini anaweza kujikuta amesimama juu ya paa la mtaa anaoutafuta. Waulize wenye chumba ni lango gani lisilo na ngazi.

Hatua ya tano: Toa saa za mwanga kwa ngome na barabara kuu ya kale

Kanuni ya kila siku ni hii: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri kaa nje au mahali penye mandhari, baada ya hapo ingia ndani. Siku ya kwanza iwe ya ngome. Nunua tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, kwa kuwa huwa na saa maalumu ya kuingia na bei yake ni nafuu kuliko ya mlangoni, na uchague saa ya kufungua, yaani saa tatu na nusu. Majira ya baridi ngome hufungwa saa kumi na moja jioni, na mgeni wa mwisho hupokelewa saa kumi. Atakayeingia saa hiyo atatazama kuta ndani ya giza.

Ngome imesimama juu ya mwamba wa volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, na barafu za zama za kale ndizo zilizouchonga mwamba huo hadi ukabaki wima pande tatu na mteremko mmoja upande wa mashariki. Ukilijua hilo, mpangilio wa mji wote unaeleweka, kwa sababu mteremko huo ndio barabara ya Royal Mile. Ndani ya ngome anzia juu kabisa, kwenye kanisa dogo la St Margaret lililojengwa mnamo mwaka 1130, ambalo ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini. Nje yake uko mzinga wa Mons Meg, uliotengenezwa mwaka 1449, uliorusha mawe yenye uzito wa takribani kilo 150. Kisha ingia kutazama taji, fimbo na upanga wa wafalme wa Uskoti, na chumba kidogo ambamo Malkia Mary alimzaa James wa Sita mwaka 1566, mtoto aliyekuja kutawala Uskoti na England kwa pamoja. Vitabu vya zamani vitakuelekeza pia kulitazama Jiwe la Hatima, ambalo wafalme walitawazwa juu yake, lakini tangu mwaka 2024 jiwe hilo liko katika jumba la makumbusho la mji wa Perth.

Usitoke kabla ya saa saba mchana. Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, mzinga mmoja hupigwa ngomeni saa saba kamili, na desturi hiyo imeendelea tangu mwaka 1861. Ilianza kwa haja ya kweli. Manahodha waliotia nanga Leith walihitaji kurekebisha kronomita zao, yaani saa za melini, kabla ya kuondoka, na kuanzia mwaka 1852 waliangalia tufe lililokuwa likidondoka saa saba kutoka juu ya mnara wa Nelson katika kilima cha Calton. Ukungu ukitanda, tufe halikuonekana. Ndipo mzinga ukaongezwa. Simama mapema kwenye ukuta wa kaskazini, na ukiwa na mtoto mdogo mzibe masikio.

Baada ya hapo teremka Royal Mile, na nasisitiza kuteremka, kwa sababu wanaoanzia chini humaliza pumzi kabla ya kuona chochote. Urefu wake ni kama kilomita 1.8. Usiifuate barabara peke yake, maana uzuri wake uko kwenye vichochoro vinavyoshuka pande zote mbili; aliyezoea kupotea Mji Mkongwe wa Zanzibar atajisikia yuko nyumbani, ila hapa kila kichochoro kina ngazi na nyumba za ghorofa sita zimekibana. Gladstone's Land, nyumba ya mfanyabiashara wa karne ya 17, inaonyesha jinsi matajiri na maskini walivyoishi katika jengo moja, wakitofautiana kwa ghorofa tu. Kanisa la St Giles halitozi kiingilio bali hupokea mchango. Humo tafuta kikanisa cha Thistle cha mwaka 1911, ambamo malaika mmoja wa kuchongwa anapuliza zumari ya mfuko. Nje yake, kwenye mawe ya barabara, upo moyo uliochorwa kwa mawe ya rangi mahali lilipokuwa gereza la kale, na wenyeji hupita wakiutemea mate. Usikae chini hapo kupiga picha.

Kuelekea mwisho wa barabara, katika makaburi ya kanisa la Canongate, amezikwa mwanauchumi Adam Smith, aliyefariki mwaka 1790. Mkabala wa kasri la Holyroodhouse liko Bunge la Uskoti, ambalo jengo lake lilifunguliwa mwaka 2004 na kuingia humo ni bure. Kasri lenyewe hufungwa baadhi ya siku za katikati ya wiki majira ya baridi, kwa hiyo thibitisha siku kabla ya kuteremka hadi huko.

Hatua ya sita: Panda kilima kimoja, si viwili

Arthur's Seat, chenye urefu wa mita 251, ndicho kilima ambacho kila mgeni huambiwa apande. Siku kavu isiyo na upepo, ukianza saa nne asubuhi, panda bila wasiwasi. Utarudi chini kabla ya mchana. Siku yenye barafu au upepo mkali usijaribu, kwa kuwa sehemu ya juu ni mwamba uliolainishwa na nyayo, na njia ya Radical Road chini ya majabali imefungwa tangu mwaka 2018 kwa sababu ya mawe kuporomoka. Wazee na wenye watoto watafaidi zaidi kilima cha Calton, kinachopandwa kwa dakika kumi kutoka Waterloo Place. Fika huko kama nusu saa kabla ya jua kuzama. Kutoka hapo utaiona ngome, mnara wa Scott na bahari kwa mtazamo mmoja, pamoja na nguzo 12 za mnara wa kitaifa ulioanza kujengwa mwaka 1826 na kuachwa miaka michache baadaye kwa kukosa fedha. Nguzo hizo ziliwahi kuitwa aibu ya mji, na sasa hakuna kadi ya posta isiyozionyesha.

Hatua ya saba: Tumia jioni na siku za mvua ndani ya makumbusho

Hapa ndipo majira ya baridi yanapoizidi Agosti. Jumba la Taifa la Sanaa lililo kwenye The Mound halina kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu, na kila mwezi wa Januari huonyesha picha za rangi za maji za J. M. W. Turner ambazo miezi mingine huwekwa gizani. Mtoza sanaa Henry Vaughan aliyeziachia hazina ya taifa hilo aliweka sharti katika wosia wake: picha zote zionyeshwe kwa pamoja, bure, na mwezi wa Januari tu, kwa sababu mwanga wa mwezi huo ni hafifu na hauwezi kuzififisha. Sharti hilo limefuatwa tangu mkusanyo ulipopokelewa mwaka 1900, na ndiyo sababu rangi zake zingali mbichi. Uchache wa mwanga tulioulalamikia tangu mwanzo ndio uliozihifadhi picha hizi. Katika jengo hilo hilo tafuta picha ya mchungaji aliyevaa nguo nyeusi akiteleza juu ya ziwa lililoganda la Duddingston, inayohusishwa na mchoraji Henry Raeburn.

Jumba la Makumbusho la Taifa, katika Chambers Street, nalo ni bure na hufunguliwa saa nne hadi saa kumi na moja jioni. Usijaribu kuliona lote kwa siku moja. Chagua vitu vichache: kondoo Dolly, aliyezaliwa karibu na Edinburgh mwaka 1996 akiwa mamalia wa kwanza kunakiliwa kutokana na seli ya mnyama mzima, kete 11 za sataranji zilizochongwa kwa pembe za mnyama wa baharini katika karne ya 12 na kupatikana kisiwani Lewis mwaka 1831, na mashine ya kukatia vichwa iliyoitwa Maiden. Ukumbi mkubwa wa vioo na vyuma, uliofunguliwa mwaka 1866, unatosha wenyewe kumpumzisha mtoto aliyechoka.

Baada ya saa kumi na moja, makumbusho yakifungwa, weka nafasi ya ziara ya Mary King's Close. Hicho ni kichochoro cha karne ya 17 kilichofunikwa pale jengo la baraza la mji lilipojengwa juu yake katikati ya karne ya 18, na leo wageni hushushwa chini ya ardhi na mwongozaji kwa muda wa saa moja hivi. Huko giza la nje halikupunguzii chochote. Ziara nyingine za mizimu zinazotangazwa barabarani ni za kuchekesha zaidi ya kufundisha; anayependa aende, ila asitegemee historia.

Hatua ya nane: Tembelea mahali panapotugusa

Mwalimu Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, na chuo hicho sasa kina ufadhili wa shahada ya uzamili wenye jina lake. Nyumba nyingi za kandokando ya uwanja wa George Square zilibomolewa katika miaka ya 1960, kwa hiyo anayetaka kuona sura ya chuo ambayo Mwalimu aliijua atazame Old College, iliyobuniwa na Robert Adam, na ukumbi wa mahafali wa McEwan Hall, uliofunguliwa mwaka 1897. Vyote viko mwendo wa dakika tano kutoka Jumba la Makumbusho.

Ndani ya bustani za Princes Street, karibu na mnara wa Scott, ipo sanamu ya David Livingstone, iliyotengenezwa na mchongaji mwanamke, Amelia Robertson Hill. Wapita njia wengi hawajui kwamba alipofariki mwaka 1873 mwili wake ulibebwa na watu wakiongozwa na Susi na Chuma kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu. Wao hawana sanamu hapo. Kisha vuka hadi St Andrew Square, ambako Henry Dundas amesimama juu ya nguzo ndefu. Huyu aliyechelewesha kukomeshwa kwa biashara ya watumwa katika Bunge la Uingereza aliwekewa kibao mwaka 2021 kinachoeleza jambo hilo, na mabishano juu ya maneno yake hayajaisha. Soma kibao kabla ya kutazama juu.

Hatua ya tisa: Panga chakula na ibada

Chakula cha kitaifa ni haggis, yaani moyo, maini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na kuchanganywa na shayiri, vitunguu na viungo, kisha kupikwa ndani ya tumbo la mnyama. Huliwa pamoja na viazi na tanipu vilivyopondwa, na usiku wa Burns husomewa shairi kabla ya kukatwa. Mwislamu asiyepata ya halali anaweza kuagiza haggis ya mboga, ambayo hupatikana katika mikahawa mingi na haipungui ladha. Supu ya Cullen skink, yenye samaki wa moshi, viazi na maziwa, ndiyo ninayoipendekeza zaidi kwa siku ya mvua. Maji ya bomba ni salama na hutolewa bure ukiyaomba.

Msikiti mkuu uko Potterrow, karibu na chuo kikuu, na ulifunguliwa mwaka 1998. Jirani yake kuna mikahawa ya wali na mchuzi wa halali kwa bei za wanafunzi. Mwezi wa Desemba adhuhuri huingia baada ya saa sita na dakika kumi, na magharibi huwa imefika kabla ya saa kumi, kwa hiyo sala tatu hufuatana ndani ya saa tatu na nusu. Afadhali upange mchana wako kuzunguka eneo hilo kuliko kukimbizana na basi kila mara.

Hatua ya kumi: Ukienda Hogmanay, jua yanayofungwa

Sherehe za tarehe 31 Desemba katika Princes Street huingiwa kwa tiketi, na fataki hurushwa kutoka ngomeni saa sita usiku. Tiketi si dhamana. Mwishoni mwa mwaka 2024 shughuli zote za nje zilifutwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, na haikuwa mara ya kwanza. Hakikisha una mpango wa ndani wa usiku huo. Ukialikwa nyumbani kwa Mskoti, usiende mikono mitupu, kwani desturi yao humtaka mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita aje na kipande cha makaa ya mawe, keki au kinywaji, na wao huamini kwamba mwanamume mwenye nywele nyeusi ndiye mwenye bahati kuliko wote. Wasomaji wengi wa mwongozo huu watapokelewa kwa shangwe.

Tarehe 25 Desemba karibu kila kitu hufungwa, mabasi hupungua sana, na ngome hufungwa pia tarehe 26. Katika Uskoti tarehe 2 Januari nayo ni sikukuu, tofauti na England, upande wa kusini. Nunua chakula tarehe 24 na 31 kabla ya alasiri.

Hatua ya mwisho: Acha siku moja wazi, na maliza noti zako

Usiijaze kila siku ya ratiba. Siku moja ikiachwa wazi, itachukua nafasi ya ile itakayoharibiwa na mvua. Na isipoharibika hata moja, panda treni hadi Dalmeny na ushuke kwa miguu South Queensferry, uone daraja la reli la Forth, lililofunguliwa mwaka 1890 na kuwekwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2015. Treni huchukua kama robo saa, na ukitoka asubuhi utarudi mjini kabla ya giza.

Benki tatu za Uskoti huchapisha noti zao wenyewe za pauni. Thamani yake ni sawa na za Benki Kuu ya Uingereza, lakini maduka ya kubadilishia fedha ya Nairobi na Dar es Salaam mara nyingi huzikataa. Siku ya mwisho zitumie zote, au omba benki ya Edinburgh ikubadilishie kwa noti za Benki Kuu kabla ya kwenda uwanja wa ndege.